Afande Mwanakhamisi na Mchele wa Brigedia

Ukimpa shikamoo Mwanakhamisi binti Muhidini pale Kihesa, ataitikia, lakini marahaba yake huitoa kama mtu anayetema kokwa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sitini hivi, mwenye baibui iliyonyooshwa pasi mpaka mikunjo yake inakata kama ya suruali ya gwaride. Mtaa mzima humwita Afande. Alipohamia pale, Luteni Kanali mstaafu mwenye nishani nne, jirani mmoja alimwita bibi. Jirani huyo hajarudia.

Anamdharau mtendaji wa mtaa kwa kuwa hajui kuandika barua bila kuifuta. Anamdharau muuza maziwa apimaye kwa jicho. Fundi aliyemjengea ukuta alifukuzwa mara mbili na kuitwa tena mara mbili, na hata leo akipita njia ile huvuka upande wa pili wa barabara.

Dharau hiyo ilianzia nyumbani. Mzee Muhidini, baba yake, ambaye ukoo wake ulipanda kutoka Bagamoyo enzi za babu, alikuwa na duka la nafaka sokoni Iringa. Mwanakhamisi alipokuwa na miaka kumi na mmoja aliinamisha kichwa chini ya mizani kutafuta kitufe kilichomdondoka, akaona kipande cha madini ya risasi kimebandikwa kwa lami chini ya sahani, cha kuwapunja wateja. Tangu siku ile alikula wali wa baba yake huku akimtazama kama abiria wa basi lingine, na alipomaliza kidato cha sita akaenda zake JKT Mafinga, na kutoka hapo akajiunga na jeshi bila hata kurudi kuaga vizuri.

Alitaka kuwa rubani. Daktari wa jeshi akampima, akamwambia kwamba jicho lake la kushoto linaona ndege mbili palipo na moja, na jeshi halina ndege za kutosha kwa jicho la namna hiyo. Wenzake wakacheka. Akapelekwa kusomea unadhimu.

Watu wengi hawajui afisa mnadhimu wa anga anafanya nini, na Mwanakhamisi huwadharau kwa hilo pia. Ndiye anayekaa chini, na ndege haziruki mpaka aseme. Anapanga safari na mafuta, anapima mzigo, anaamua nani apande na nini kibaki, na mvua ikifunga uwanja mmoja ndege itue wapi. Mwanzoni aliichukia kazi ile. Baada ya miaka miwili akagundua kwamba marubani, pamoja na miwani yao ya jua na kutembea kwao kama majogoo, hawakuwa wakijua hesabu. Walikuwa wakibeba kile walichoambiwa na kufika kule walikoelekezwa. Akaanza kuwaita madereva wa juu, mbele yao.

Katikati ya hayo aliolewa. Mume alikuwa Habibu, mwalimu, mtu mpole asiye na neno. Ndoa ilidumu miezi kumi na minne. Alipoulizwa na shangazi zake kosa la Habibu ni nini, alisema kwamba kila jioni alikuwa akimwuliza leo tule nini, na kila jioni swali lilikuwa lile lile.

Mwaka 1997, akiwa Kapteni huko Mbeya, alipewa karani. Alikuwa Koplo Jailos, mkulima wa Uyole aliyevalishwa gwanda, mfupi, mwenye viganja vipana. Alipiga taipu kwa vidole viwili. Karatasi ikikamilika aliisoma tangu juu hadi chini, midomo ikichezacheza, kisha akaisoma tena. Mwanakhamisi alikuwa akisimama mlangoni akigongagonga saa yake. Alimwita Konokono. Alimwita hivyo mbele ya askari wadogo, na jina likashika, hata mpishi wa mesi akawa anauliza Konokono ameshakula. Miaka sita walikaa ofisi moja, na katika miaka hiyo sita hakuwahi kumwuliza kama ana mke. Januari ya mwaka 2003, alipojaza ripoti ya siri ya mwaka ya kila askari aliye chini yake, kwa Jailos aliandika mistari miwili: Mzito wa akili. Hafai kupandishwa cheo. Akapiga sahihi, akaenda kunywa chai.

Aprili mwaka ule ule ndipo lilipotokea jambo la mchele.

Ndege ya mizigo ya jeshi, ya injini mbili, ilikuwa uwanja wa zamani wa Mbeya, ule uliokuwa katikati ya mji, tayari kurudi Dar es Salaam. Ilipaswa kubeba askari kumi na wanne, wanne kati yao wakiwa wagonjwa wa kulala kwenye machela. Lakini Brigedia Anania, mkubwa aliyekuwa amekuja kwa ukaguzi, alikuwa akimwoza binti yake mwisho wa wiki, na harusi ya mkubwa hailiwi wali wa kawaida. Akanunua mchele wa Kyela. Karatasi iliyoletwa ofisini ilisema magunia ishirini, na kwa magunia ishirini, ukibana hapa na pale, ndege ingeruka.

Saa sita mchana Jailos akaja kwa mwendo wake ule.

"Afande, magunia ni thelathini na moja. Nimehesabu mara mbili."

"Na mara ya kwanza ulikuwa unahesabu nini?" Mwanakhamisi akamjibu, akamnyang'anya karatasi.

Mbeya iko juu. Hewa yake ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, na ndege inayopaa Dar bila taabu hapo hukimbia uwanja mzima ikihema. Mwanakhamisi, ambaye sasa alikuwa Meja, akapiga hesabu upya kwa penseli. Mzigo ulizidi kwa zaidi ya tani moja. Akamwamuru Jailos apige karatasi mpya yenye uzito wa kweli, akaenda nayo hadi kwenye ndege, akasema mchele uliozidi ushuke.

Brigedia akacheka kwanza. Kisha akasema kwamba watakaoshuka ni wale wagonjwa, mabasi yapo. Rubani, Kapteni Liberatus, akiwa ameegemea bawa na miwani yake, akasema yeye ataibeba ndege ile hata na mchele juu, Meja asihofu, hii si mara ya kwanza. Mwanakhamisi alimtazama jinsi mtu anavyotazama nzi kwenye mtindi. Akamgeukia mkubwa wake.

"Afande, mchele huu ukimwagika juu ya mapaa ya Mwanjelwa, bibi harusi hataula. Mimi sisaini."

Bila sahihi yake hakuna ndege. Walisimama pale karibu saa nzima. Wingu likajikusanya kutoka milimani. Mwishowe magunia yakashushwa, moja moja, na mvua ikaanza kabla ya la mwisho kufika chini, na mchele wa harusi ukalala uwanjani ukinyeshewa, huku wagonjwa wanne wakiruka salama kwenda hospitali. Mwanakhamisi hakungoja kuona uso wa Brigedia. Aliuona baadaye, kwa namna nyingine: siku ya tatu akapewa barua ya uhamisho kwenda kambi moja ya pwani, kusimamia ghala la karatasi, bahasha na wino.

Alikaa ghalani humo miaka saba. Wenzake wakapanda, yeye akabaki akihesabu rimu. Lakini hilo halikumvunja, lilimpa kiburi. Aliamini kabisa kwamba Brigedia angemfikisha mahakama ya kijeshi kama angethubutu, na kwamba hakuthubutu kwa sababu alimwogopa. Imani hiyo aliilea kama mtoto. Kila alipomwona ofisa mwoga akikubali upuuzi wa mkubwa, alijisemea moyoni kwamba watu wangejua tu namna ya kusimama, wasingeguswa.

Brigedia akastaafu, akasahauliwa, na Mwanakhamisi akarudishwa kwenye unadhimu. Akapelekwa nje ya nchi na kikosi cha kulinda amani, na huko, wakati vita vilipozuka ghafla, akapanga kwa siku tatu ndani ya hema, kwa penseli na ramani mbili, jinsi ya kuwatoa raia mia nne na kumi na wawili kwa ndege mbovu tatu. Hakupotea hata mmoja. Kwa hiyo akapewa nishani ya nne, zile tatu za mwanzo zikiwa za miaka tu, za kila mtu asiyekufa wala kuiba. Siku ya kuvishwa, msoma majina akakosea, akasema alirusha ndege chini ya risasi. Gazeti likaandika kwamba rubani shujaa ametoka Iringa. Aliandika barua ya kusahihisha, haikuchapishwa. Na mpaka leo Kihesa kuna watu wazima wanaoapa kwamba waliona picha yake akiwa usukani.

Akastaafu mwaka 2019, akajenga, akaanza kuwafukuza mafundi.

Mwaka 2023 wastaafu wa jeshi wa Nyanda za Juu waliitana Mbeya kula chakula cha mchana na kuchagua viongozi wa umoja wao. Mwanakhamisi alikwenda kwa sababu moja tu, kwamba asipokwenda watasema hayuko hai. Akakaa pembeni na soda yake, akiwatazama wazee waliovaa suti za zamani zisizofunga vifungo. Aliyemfuata ni Liberatus. Alikuwa amenenepa, anamiliki nyumba ya kulala wageni, na kwenye koti lake alibandika mabawa yake ya urubani kana kwamba ataitwa muda wowote. Akavuta kiti bila kukaribishwa. Akakumbusha habari ya mchele, akacheka peke yake, kisha akasema neno ambalo hakujua uzito wake.

"Tungekumaliza ule mwaka, Mwanakhamisi. Kama si yule karani wako mbishi."

Mwanakhamisi alimwuliza karani gani. Liberatus akashangaa kwamba hajui. Akaeleza kwa raha zake, huku akila. Siku ya pili baada ya mchele kunyeshewa, Brigedia Anania alimwita yule koplo, akamtaka apige karatasi nyingine ya uzito, yenye magunia ishirini na mzigo ulio ndani ya kiwango, aiwekee tarehe ile ile, na atie sahihi kuwa ndiyo aliyoipiga siku ile. Kwa karatasi hiyo ingeonekana Meja alikaidi amri halali kwa jeuri tu, na mahakama ingemvua cheo asubuhi moja. Koplo akasoma kile alichopewa, akakisoma tena, akasema hapana. Akatishwa, akasema hapana. Wakamtia korokoroni siku ishirini na nane, akatoka, akasema hapana. Na kwa kuwa nakala ya karatasi ya kweli ilikuwa imekwisha kwenda Dar na ndege, na karani hakubali, shauri likafa. Liberatus mwenyewe alikuwa ameshaandika ushahidi wake. Alisema hivyo bila haya, akiomba chachandu.

Mwanakhamisi akaacha soda yake, akaondoka. Alilala nyumba ya wageni isiyo ya Liberatus, na asubuhi akachukua bajaji mpaka Uyole.

Kumpata Jailos hakukuwa kazi. Sokoni aliuliza mara moja tu, wakamwelekeza kwa Koplo wa viazi, nyuma ya barabara kuu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati la bluu. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua viazi vya mbegu: vyenye macho mengi huku, vilivyooza kule. Nywele zilikuwa zimekwisha kichwani. Alipomwona alisimama wima, mikono kando, kwa mazoea tu ya mwili.

"Afande."

Mkewe, Damari, mwanamke mpana aliyejifunga kitenge kifuani, hakusimama. Mwanakhamisi aliletewa kigoda, akakaa. Damari akaingia ndani, akatoka na chai na viazi vya kuchemsha, akaviweka chini mbele yake bila kusema karibu. Mwanakhamisi, ambaye maisha yake yote alikuwa hodari wa kuwafanya watu wajione wadogo, akatambua mara moja kwamba sasa anafanyiwa yeye, na kwamba mfanyaji ana haki.

Akamwuliza Jailos kwa nini hakumwambia. Jailos akajibu kwamba afande alikuwa ameshahamishwa. Tena hata angekuwepo, asingesikiliza. Akaokota kiazi, akakigeuza.

"Usifikiri nilikutetea, afande. Wewe nilikuwa sikupendi hata kidogo. Ile karatasi niliipiga mimi, na magunia niliyahesabu mimi. Siwezi kupiga uongo halafu chini niandike jina langu."

Hapo Damari akaona mumewe amemaliza, akapokea yeye. Hakupaza sauti.

"Siku ishirini na nane nimempelekea chakula, nina mimba ya miezi saba. Akatoka. Tukangoja cheo, maana zamu yake ilikuwa imefika. Wakamwita, wakamsomea kwamba ni mzito wa akili, hafai. Mimi nikajua ni yule Brigedia. Baba Ipyana huyu akaniambia hapana, sahihi ni ya afande wake."

Brigedia hakuwa na haja ya kutunga lolote. Silaha aliikuta failini, imeandikwa kwa mkono mzuri ulionyooka, ya mwezi wa kwanza. Kila mwaka uliofuata ripoti ile ilitolewa, ikasomwa, ikarudishwa. Jailos alitoka jeshini koplo mwaka 2008, kama alivyoingia ofisini kwake koplo.

Mwanakhamisi alikuwa na maneno mengi ya kusema na yote yalikuwa ya kujieleza. Aliyapima, akaona hakuna linalofaa.

"Nilikosea," akasema.

"Ndiyo, afande," Jailos akajibu, akarudi kwenye ndoo yake na viazi vyake.

Ndani ya basi la kurudi Iringa aliwadharau abiria wote kama kawaida, lakini bila ladha. Alikuwa akimtafuta Brigedia wa kumchukia na hakumpata. Aliyempata kila alipogeukia alikuwa mwanamke amesimama mlangoni, anagonga saa yake, mbele yake mtu anasoma karatasi mara ya pili ili asimwue mtu. Kwa miaka ishirini alijigamba moyoni kwamba alisimama peke yake. Na hata yale magunia kumi na moja yaliyozidi, asingeyajua kama si Konokono.

Akaandika barua makao makuu. Haikuwa ndefu. Alisema kwamba ripoti ya Januari 2003 juu ya Koplo Jailos aliiandika yeye, kwamba aliiandika kwa kiburi na bila kumtazama mtu aliyemwandika, kwamba askari yule ndiye aliyekuwa makini kuliko wote aliopata kufanya nao kazi, na kwamba aliteseka kwa kukataa kughushi. Akaomba apewe, hata sasa, cheo cha usajenti. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Akapanda basi kwenda Dodoma.

Siku hiyo alivaa nishani zote nne, kitu alichokuwa akikidharau kwa wengine. Alizipanga juu ya baibui, mstari ulionyooka, akakaa kwenye benchi la mbao tangu saa mbili hadi saa saba. Kapteni kijana aliyemwita ndani alikuwa na adabu nyingi na macho yasiyotua popote. Akazitazama zile nishani.

"Bibi, hizi ni za marehemu mumeo?"

Zamani swali hilo lingemgharimu kijana yule usingizi wa wiki nzima. Mwanakhamisi akasema hapana, ni zake, na akaomba faili la Koplo Jailos. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia. Kijana akaeleza kwamba cheo cha mtu aliyekwisha kustaafu hakibadilishwi, labda barua yake iambatanishwe kwenye faili, basi. Alirudi Dodoma mara mbili zaidi. Mara ya tatu wakakubali kuiambatanisha, na wakampa nakala yenye muhuri.

Nakala hiyo aliipeleka Uyole kwa mkono wake. Jailos akafuta viganja kwenye suruali, akaisoma. Damari alisimama nyuma ya bega lake akisoma naye. Kisha Jailos akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Umeandika tarehe kumi na nne. Mchele ulishushwa kumi na tano."

Mwanakhamisi akaitazama. Alikuwa na hakika ya kumi na nne, hakika kabisa, kama alivyokuwa na hakika ya mambo mengi. Jailos akaingia ndani, akatoka na daftari la zamani lililofungwa kwa kamba ya katani, ambamo kumbe alikuwa akiandika kila safari aliyoipigia karatasi, na akamwonyesha. Kumi na tano, Jumanne.

Akarudi Iringa, akaiandika upya, akaipeleka kwa mara ya nne. Majibu yalikuja baada ya miezi minne, yakiwa na anwani ya Jailos mwenyewe: barua imepokelewa na kuwekwa, cheo kinabaki koplo. Jailos akampigia simu kumjulisha. Mwanakhamisi akaanza kusema kwamba hilo halikubaliki, kwamba atakwenda tena, kwamba anamfahamu jenerali mmoja mstaafu ambaye bado anasikilizwa.

"Inatosha, afande," Jailos akasema. "Nilitaka tu lile neno liwe na jingine pembeni yake. Sasa lipo."

Mwanakhamisi, ambaye hakuwa na ujuzi wowote wa mazungumzo ya kawaida, akamwuliza mkewe hajambo. Jailos akasema Damari hajambo, yuko shambani, mvua imezidi mwaka huu na viazi vinaozea ardhini, inabidi naye aende akamsaidie kuchimba kabla jua halijazama. Akaaga, akakata.